Watchmen: kila mtu ana maoni, ila wengi wameruka kurasa

Kuna swali moja ukilitupa mbele ya watu wanaosoma komiki ujue kabisa umeanzisha ugomvi: Watchmen ni kitabu kikali kweli au watu wanakisifia tu kwa sababu wamekuta kinasifiwa? Hapo ndo utasikia kila aina ya jibu. Mmoja atakwambia tangu azaliwe hajasoma kitu kama kile. Mwingine atasema alisinzia katikati na hajarudi tena. Wa tatu, na huyu hakosekani popote, atakwambia Rorschach ndo mwanaume pekee mle ndani na waliobaki wote ni waoga. Halafu atatokea wa nne aseme muvi ni bora kuliko kitabu, na kuanzia hapo hakuna tena mjadala, ni matusi.

Mimi hizi hoja nazifuatilia siku nyingi, maana kitabu chenyewe nakipenda na huwa nakirudia, na kadiri ninavyosikiliza watu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba maoni mengi kuhusu Watchmen hayatokani na msomaji ana umri gani au anapenda komiki za aina gani, yanatokana na aliruka kurasa zipi. Si utani. Kile kitabu kimejaa vitu vinavyoonekana vya pembeni, hadithi ya maharamia, kurasa za maandishi matupu mwisho wa sura, watu wa mtaani wanaobishana kwenye meza ya magazeti, sasa msomaji mwenye haraka ya kumjua muuaji anaviruka vyote halafu anakuja na maoni mazito kabisa kuhusu mwisho.

Kwa ambaye hajakigusa, naeleza kwa kifupi, na natoa tahadhari mapema kwamba huko mbele namwaga stori yote mpaka tone la mwisho. Watchmen ilitoka kama matoleo 12 ya komiki kutoka DC Comics kati ya 1986 na 1987, halafu yakaunganishwa kuwa kitabu kimoja, kila toleo likawa sura. Kaandika Alan Moore, kachora Dave Gibbons, rangi kaweka John Higgins, wote Waingereza. Mwaka 1988 kikapata tuzo ya Hugo, ambayo ni ya watu wa hadithi za kisayansi, na mwaka 2005 jarida la Time likakiweka kwenye orodha yake ya riwaya 100 bora za Kiingereza tangu 1923, komiki pekee kwenye orodha ile nzima. Hii ndo imekiponza kidogo, maana siku hizi mtu anakifungua akitegemea miujiza.

Stori iko Marekani mwaka 1985, lakini Marekani iliyopinda kidogo. Nixon bado ni rais. Vita ya Vietnam walishinda, kwa sababu wanaye Dr. Manhattan, mtu wa bluu ambaye zamani alikuwa mwanafizikia anaitwa Jon Osterman, akapata ajali maabara mwaka 1959 na sasa anaweza kuvipanga upya vitu vyote kuanzia atomu. Huyo ndo pekee mwenye nguvu za ajabu. Wengine wote ni binadamu wa kawaida waliowahi kuvaa barakoa na kupiga wahalifu usiku, mpaka sheria ya 1977 ikawapiga marufuku. Sasa mmoja wao, anayeitwa Comedian, anarushwa kupitia dirisha la ghorofani na kufa, na Rorschach, ambaye aligoma kuvua barakoa sheria ilipokuja, anaanza kuchunguza. Huku nyuma Marekani na Urusi ya Kisovieti wanaelekea kwenye vita ya nyuklia.

Haya, tuanze na malalamiko ninayoyasikia kuliko yote: maharamia.

Kuna kijana mmoja anakaa chini pembeni ya meza ya magazeti New York, kaegemea mtambo wa kuchajia magari ya umeme, anasoma komiki ya maharamia bila kulipa huku muuza magazeti akimlalamikia. Na sisi tunaisoma pamoja naye, vipande vipande, maneno yake yanaingia juu ya picha za mtaani na maneno ya mtaani yanaingia juu ya picha za baharini. Baharia mmoja meli yake imezamishwa na meli nyeusi ya kishetani, kabaki peke yake ufukweni na maiti za wenzake, anataka kuwahi nyumbani kuwaonya mkewe na watoto kwamba ile meli inakuja. Anatengeneza chelezo kinachoelea juu ya maiti zilizovimba. Yani umesoma sawasawa, anafunga maiti za wenzake chini ya mbao ili zimbebe. Anafika kwao usiku, kichwani ana uhakika mji umeshatekwa, anaua watu wasio na kosa njiani, anaingia ndani ya nyumba yake mwenyewe na kumshambulia mtu gizani, kumbe ni mke wake. Mji ulikuwa salama muda wote. Meli haikuja kwa ajili ya mji, ilikuja kumchukua yeye.

Wasomaji kibao wanasema hii hadithi inakata stimu, unataka kujua nani kamuua Comedian unaletewa maiti na ndege wa baharini. Nawaelewa, kwa mara ya kwanza inachosha kweli. Lakini angalia inavyofanya kazi. Mwisho wa kitabu tunajua aliyeko nyuma ya kila kitu ni Adrian Veidt, Ozymandias, mtu anayesifiwa kuwa na akili kuliko wote duniani, ambaye ameua mamilioni ya watu New York ili Marekani na Warusi waogope adui wa kutoka nje wasitishe vita. Na kwenye sura ya mwisho, akiongea na Dr. Manhattan, anaanza kusema kwamba usiku anaota anaogelea kuelekea kwenye kitu fulani cha kutisha, halafu anakatisha, anasema achana nayo. Basi, hicho tu, na kurasa zinaendelea. Aliyeruka maharamia hapo haoni chochote, anaona tajiri mmoja mwenye ndoto mbaya. Aliyesoma anajua kabisa anaogelea kuelekea meli gani, na anajua kwamba Veidt ndo yule baharia, mtu aliyekuwa na haraka ya kuokoa watu mpaka akawaua yeye mwenyewe kabla adui hajafika.

Tena kuna kingine. Maharamia wapo kwenye komiki za ule ulimwengu kwa sababu watu wenye barakoa wapo mtaani kweli, nani atanunua komiki za mashujaa wakati mashujaa wanatangazwa kwenye taarifa ya habari na wanakera? Hii imeelezwa kwenye kurasa za maandishi mwisho wa toleo la 5, makala nzima ya historia ya komiki za maharamia ambazo hazijawahi kuwepo, na kuna ukurasa wa mfano uliochorwa na Joe Orlando, mchoraji wa kweli kabisa aliyekubali kujichora kwenye historia ya uongo. Na mwandishi wa ile komiki ya maharamia, Max Shea, ndani ya stori ametoweka, na baadaye tunamkuta kisiwani pamoja na wasanii wengine wakitengeneza kitu wanachodhani ni cha muvi. Ukiruka, unakutana naye kisiwani unajiuliza huyu mzee katokea wapi.

Sasa turudi pale pale kwenye meza ya magazeti, kwa sababu nadhani moyo wa kitabu uko pale. Muuza magazeti ni mzee mwongeaji, kila siku ana maoni juu ya vita na juu ya serikali, anabadilisha msimamo kila kichwa cha habari kinapobadilika na anaapa kwamba muuza magazeti huwa anajua kila kitu. Pale anapita dereva wa teksi anayegombana na mpenzi wake. Anapita daktari wa akili aliyepewa kazi ya kumtibu Rorschach gerezani, ambaye kesi ile imemharibia ndoa. Wanapita wapelelezi wa polisi. Hakuna shujaa hata mmoja. Msomaji anayependa mapigano anaona huu ni ujazo tu. Halafu inakuja sura ya 11, wote wanakutana kwenye kona ile ile kwa wakati mmoja, ugomvi unazuka barabarani, yule daktari anaenda kuamulia japo mkewe anamwambia aachane nao, na mzee wa magazeti na yule kijana kwa mara ya kwanza ndo wanaulizana majina, wanagundua wote wawili wanaitwa Bernard. Mzee anaona ni jambo la ajabu. Kijana anaona ni kawaida tu, majina yanafanana. Kurasa chache baadaye mwanga mweupe unakuja, mzee anamkumbatia kijana, na viboksi vya picha vinazidi kuwa vyeupe mpaka hawapo.

Hapa nitazungumzia mpangilio kidogo, mnisamehe. Karibu kitabu kizima Gibbons amechora kwa viboksi tisa kila ukurasa, tatu kwa tatu, anaweza kuunganisha viwili vitatu lakini ile gridi unaisikia muda wote, tiki taka tiki taka. Unaizoea mpaka huioni. Ukifungua toleo la 12, ghafla hakuna gridi. Picha moja ukurasa mzima. Unageuza, nyingine ukurasa mzima. Kurasa sita mfululizo, hakuna anayeongea, ni maiti za ile kona tu, kutoka madirishani, barabarani, na komiki ya maharamia imetapakaa na damu. Na wale maiti unawajua. Nasema hivi kwa sababu hoja ya kwamba Watchmen ni kitabu baridi kisicho na hisia huwa inatoka kwa watu ambao kwao mamilioni waliokufa ni namba tu, kama ilivyo kwa Veidt. Kama ile kona uliiruka, utabaki unajadili kama mpango wake ulifanikiwa au haukufanikiwa, kama watu wa kamati.

Ndo tufike kwa Rorschach sasa, huyu ana mashabiki wake na wengine hawataki kusikia kitu.

Naelewa kabisa kwanini anapendwa. Ana barakoa kali kuliko zote kwenye historia ya komiki, nyeupe na wino mweusi unaotembea kila akibadilika hisia. Anaongea maneno machache. Gerezani wafungwa wanataka kumuua, kwenye foleni ya chakula anammwagia mmoja wao mafuta ya moto usoni na kuwaambia waliobaki kwamba wao ndo wamefungiwa pamoja naye na si yeye aliyefungiwa pamoja nao. Ile sehemu kila mtu anaikumbuka, mpaka ambaye hajasoma kitabu ameisikia. Na mwisho wenzake wote wanapokubali kuficha uongo wa Veidt ili amani iendelee, yeye anakataa, anatoka nje kwenye barafu ya Antarctica, anavua barakoa analia, na Dr. Manhattan anamlipua. Ukisoma hayo tu utasema huyu ndo shujaa, mtu wa msimamo.

Lakini kasome na mengine. Kwenye toleo la 1 tu, Laurie, shujaa mwenzao wa zamani na mpenzi wa Dr. Manhattan, anamkumbusha kwamba Comedian alijaribu kumbaka mama yake, na Rorschach anajibu kwamba hayupo pale kujadili mateleza ya kimaadili ya mtu aliyekufa akiitumikia nchi. Mateleza! Yani mtu huyu huyu ambaye hana msamaha hata kwa mwizi mdogo, kwa kubaka anayo nafasi ya kulegeza, kwa sababu aliyefanya ni mzalendo na yeye anampenda. Kwa hiyo msimamo wake si msimamo wa chuma kama mashabiki wanavyosema, una mlango wa nyuma.

Na kipo kitu kimoja ambacho naomba kila shabiki wa Rorschach akitafute. Mwisho wa toleo la 6 kuna faili lake, ripoti na karatasi za alipokuwa mtoto anayelelewa kwenye nyumba ya watoto baada ya kuondolewa kwa mama yake. Mle ndani kuna insha yake ya utotoni kuhusu wazazi. Baba hamjui, kwa hiyo anajitungia, baba ambaye alikuwa anampenda sana Rais Truman, na mtoto anaandika kwamba na yeye anampenda Truman, maana alidondosha bomu la atomu Japani na kwa kufanya hivyo akaokoa watu wengi ambao wangekufa vita ikiendelea. Anasema lilikuwa jambo zuri. Sasa weka ile insha pembeni ya mwisho wa kitabu. Ua watu wa mji mzima ili kuokoa wengi zaidi, si ndo hesabu ya Veidt ile ile? Walter Kovacs wa utotoni, ndo jina halisi la Rorschach, angempigia makofi. Rorschach mkubwa anakufa kwa kuikataa. Kwa hiyo kuna jambo limetokea katikati, huyu mtu kabadilika, na kitabu hakikwambii kwa sauti, kimekuwekea karatasi ya mtoto katikati ya ripoti za madaktari, na asilimia kubwa ya wanaobishana juu yake wameigeuza bila kuisoma kwa sababu haina picha.

Hiyo kwangu inamfanya awe mtu wa kuvutia kuliko yule wa kwenye fulana. Ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu ni maandishi ya shajara yake, anasema siku jiji litakapomlilia aliokoe atasema hapana, na wakati unasoma hayo picha zinapanda kutoka kwenye beji ya njano yenye uso unaocheka iliyo kwenye damu, mpaka juu dirishani alikodondokea Comedian, na katikati ya viboksi vile kuna mzee wa nywele nyekundu anapita na bango la mwisho wa dunia, anakanyaga ile damu na kuacha nyayo. Huyo ndo Rorschach. Yupo pale pale ukurasa wa kwanza bila barakoa na unampita. Kwenye toleo la 10 anamkuta mwenye nyumba wake, mwanamke aliyemchafua kwa waandishi wa habari, anamjia juu kama kawaida yake, halafu anamwangalia mtoto wa yule mama anayelia na anaondoka tu. Hapigi mtu. Mtu aliyesema hatawaokoa wale watu mwishoni anakufa kwa sababu hataki wadanganywe kuhusu vifo vyao.

Wapo waliokwenda upande wa pili kabisa, wanasema Rorschach ni fashisti tu na anayempenda ana matatizo. Hapana, nao wamesoma nusu. Lakini nikilazimishwa kuchagua nani kakosea zaidi nitasema wale mashabiki, na Moore mwenyewe amewahi kulalamika kwamba alimtengeneza kama mfano wa mtu wa kuogopwa na watu wakamfuata na kumwambia wanajiona ndani yake. Tamthilia ya HBO ya 2019 ya Damon Lindelof ililichukua hili moja kwa moja, ikawavalisha barakoa ya Rorschach kundi la wabaguzi wa rangi, na kuna watu mpaka leo wana hasira. Mimi niliona ni sawa kabisa. Shajara yake aliipeleka wapi, si kwenye gazeti la mrengo wa kulia uliokithiri alilokuwa analisoma na kuliamini? Sasa wangeisoma akina nani?

Haya, ngisi. Hili ni la haraka kidogo. Kwenye kitabu Veidt anawaua watu wa New York kwa kuwarushia katikati ya jiji dude kubwa linalofanana na ngisi, lililotengenezwa maabara kwa ubongo uliokuzwa kutoka kwa mtu mwenye vipawa vya akili, ili dunia iamini imevamiwa kutoka anga za mbali. Muvi ya 2009 ya Zack Snyder ikaliondoa, milipuko ikasingiziwa Dr. Manhattan. Na wasomaji wengi, hata wapenzi wa kitabu, wanasema muvi ilirekebisha, ngisi ni kichekesho.

Mimi niko na ngisi. Kwanza Dr. Manhattan ni silaha ya Marekani, dunia nzima inajua hivyo, ikitokea kawageuka na kulipua miji Warusi watakuja kumkumbatia Nixon kwa sababu gani? Wangesema mmemfuga wenyewe. Pili, Veidt ni mfanyabiashara wa manukato na wanasesere, anajua kuuza picha, kaajiri waandishi na wachoraji wamtungie adui, halafu kawalipua baharini ili wasiseme. Adui wa kutungwa na wasanii wa komiki lazima afanane na kitu cha komiki. Kuwa kichekesho ndo penyewe. Kinachonitatiza mimi kwenye huo mwisho si ngisi, ni kwamba wazo lenyewe lilishawahi kufanywa na kipindi cha televisheni cha The Outer Limits, sehemu inayoitwa The Architects of Fear ya 1963, na Len Wein aliyekuwa mhariri wa Watchmen alimpinga Moore kwa hilo hilo. Moore hakubadilisha, akaweka tu kile kipindi kikitangazwa kwenye televisheni ndani ya toleo la 12, kama vile kukonyeza. Wein hakufurahi na mimi nadhani alikuwa na haki ya kutofurahi.

Kuhusu Dr. Manhattan na toleo la 4, wanaosema linaboa sina cha kuwajibu, tofauti zetu zimefika mwisho. Sura nzima mtu kakaa Mars na picha mkononi, na kwa sababu kwake wakati wote unatokea kwa pamoja, ameishika ile picha, ameidondosha, na ipo mchangani tayari, huku 1945 baba yake mtengeneza saa anatupa vipuri vya saa nje ya dirisha kwa sababu amesoma kuhusu Hiroshima, huku 1959 mtu mnene anaikanyaga saa ya mpenzi wake kwenye viwanja vya burudani, na kwa saa hiyo hiyo aliyoitengeneza na kuisahau kwenye koti ndo anarudi ndani ya chumba kinachomfungia na kumuua. Sijaona komiki nyingine iliyonifanya nielewe mtu anawezaje kujua kila kitu na asiweze kubadilisha chochote.

Sasa nije kwenye lawama ambayo siwezi kuitetea, na hapa hata kurasa za kuruka hazisaidii. Wanawake. Sally Jupiter, mama yake Laurie, anaponea chupuchupu kubakwa na Comedian mwaka 1940, halafu miaka mingi baadaye anazaa naye Laurie, na karibu na mwisho wa kitabu tunamwona akiibusu picha ya yule mwanaume. Wanaokitetea wanasema maisha yana utata, kasome mahojiano ya Sally mwisho wa toleo la 9 anavyojieleza. Nimeyasoma. Bado naona kitabu kimempa maumivu na hakikumpa akili ya kuyafikiria, anaelezwa zaidi ya anavyojieleza. Laurie ndo kabisa, anahama kutoka kwa Jon, yani Dr. Manhattan, kwenda kwa Dan Dreiberg, shujaa mwenzake anayejiita Nite Owl, na kazi yake kubwa ni kumfanya Jon aamini tena kwamba maisha ya binadamu yana thamani, kwa kugundua baba yake ni nani. Silhouette, shujaa mwingine wa kike wa zamani, aliuawa pamoja na mpenzi wake wa kike na tunaambiwa kwa kupita tu. Hebu fikiria, kitabu hiki hiki kimepata nafasi ya kuchapisha makala nzima ya Dan kuhusu bundi, nasema bundi, ndege, kurasa kadhaa za jinsi ya kuwatazama bundi, lakini kichwani kwa Laurie tumeingia sura moja. Wasomaji wanawake wengi wanalisema hili na mara nyingi wanajibiwa kwamba kilikuwa kipindi cha miaka ya 80. Kilikuwa kipindi hicho hicho Moore alipokaa chini akafikiria kwa undani daktari wa akili wa pembeni anavyoharibikiwa na ndoa. Alijua kufanya, hakufanya.

Jingine ambalo wasomaji wanalikosea, japo dogo, ni kumtaja Moore peke yake kana kwamba kitabu kilichorwa na upepo. Toleo la 5 limepangwa kama kioo, ukurasa wa kwanza unafanana mpangilio na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, mpaka katikati kurasa mbili zinaungana. Hiyo mtu kakaa na rula. Na rangi za Higgins, zambarau na machungwa na kijani zisizopendeza, ndo zinazofanya New York ile ionekane mgonjwa.

Kuhusu yaliyofuata baadaye, komiki za Before Watchmen ya 2012 na Doomsday Clock iliyoanza 2017, sina mengi. Moore hakutaka yoyote, kwenye muvi alikataa hata jina lake kuandikwa. Mkataba wa Moore na Gibbons ulisema haki zitarudi kwao iwapo DC itaacha kukichapisha, sasa kitabu kikauza mpaka hakikuacha kuchapishwa hata leo, kwa hiyo mafanikio yenyewe ndo yamewanyima. Ukimsikia mtu anasema Moore ni mzee mwenye kinyongo, mwambie na hilo.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, muvi, tamthilia au kitabu, nasema kitabu, na kwa mara ya kwanza hata maharamia kama wanakuchosha wapitie tu haraka ilimradi uwaone, utawarudia. Ila zile kurasa za maandishi soma, hasa faili la Kovacs. Ya bundi ruka tu, hakuna atakayekuuliza.